Mfadhili anataka cheti cha polisi kwa kila anayejitolea na watoto mwaloni. Wakuu, tusaidiane

Mkazi wa Igombe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Huku Ilemela, Mwanza, upande wa Igombe, tuna kikundi cha kijamii kinachohudumia watoto wa mwaloni, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Wakitoka shule wanakuja kwenye banda letu, wanafundishwa kusoma na hesabu, wanakunywa uji, na Jumamosi wanafundishwa kuogelea. Hilo la kuogelea ndilo lililotuanzisha. Mtoto wa huku analala akisikia mawimbi, lakini akidondoka kutoka kwenye mtumbwi hana la kufanya. Wanaoendesha yote haya wanajitolea: mwalimu mstaafu, kina mama wanaoanika dagaa, wanachuo wakiwa likizo, wavuvi, na vijana wawili wa bodaboda.

Mwaka huu tumepata mfadhili wa nje. Kwenye mkataba kuna kipengele kwamba kila anayekutana na watoto awe na cheti cha polisi kinachoonyesha kama aliwahi kutiwa hatiani, na hela haitoki mpaka vyeti vyote vifike. Tuliitisha kikao, kikao kikavunjika. Wengine wanasema ni dharau, mtu anatoa muda wake bure halafu anaambiwa athibitishe kuwa si mhalifu. Wengine wanasema tungefanya hivi tangu mwanzo.

Kilichoniuma zaidi ni kocha wetu wa kuogelea. Kwenye operesheni ya uvuvi haramu ya mwaka 2018 alikamatwa na nyavu za timba, akapelekwa mahakamani, faini ikamshinda, akafungwa. Kila mtu mwaloni anajua. Alisimama kikaoni akasema, "Kama ni cheti, mimi nimeshatoka, tafuteni mwingine." Mwingine hatuna. Huyu bwana anaweza kukaa na kundi la watoto majini asubuhi nzima asipoteze hesabu ya hata mmoja.

Msimamo wangu nauweka wazi. Cheti kiwepo, sikipingi. Hofu yangu ni kwamba tunakipa kazi ambayo hakiiwezi. Kumbukumbu za polisi zinaonyesha aliyeshitakiwa akahukumiwa. Sasa tujiulize, huku kwetu mambo ya watoto mangapi yanafika mahakamani? Mengi yanaishia kwa wazee, familia zinapatana, mtu anatozwa, anahama kambi. Huyo ndiye ninayemuogopa, na huyo akienda kuomba cheti atapata kisafi. Wakati huohuo tunamtoa aliyefungwa kwa nyavu.

Naomba waliopitia utaratibu huu waeleze, na wenye miradi ya watoto waseme wanafanya nini zaidi ya cheti.

Kona ya Nyegezi

Mkuu, mimi napinga moja kwa moja. Hawa wafadhili wanaandika masharti wakiwa hawajui nauli ya boti. Mtu wa kisiwani Ukerewe akitaka cheti aje Mwanza mjini, apoteze siku ya kazi, alale, alipie, arudi. Na hapo ni mtu asiyelipwa hata senti. Mwisho wake watabaki wenye uwezo tu, na wale kina mama wanaopika uji wataondoka kimyakimya.

Halafu sisi huku tunafahamiana. Usukumani tulikuwa na sungusungu kabla hata mradi wa kwanza wa mfadhili haujafika. Mhalifu anajulikana, huhitaji karatasi.

Mama wa Mwaloni Kirumba

Kona ya Nyegezi, mwanangu, hilo neno "tunafahamiana" naomba ulitoe mdomoni unapozungumzia watoto.

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nanunua mzigo visiwani. Kwenye kambi moja niliyokuwa nanunua alikuwepo baba mmoja ambaye watoto wote walimpenda. Anawanunulia mandazi, anawachezesha mpira jioni mitumbwi ikishatoka. Wazazi wanamshukuru, maana mama akiwa anageuza dagaa juani huwezi kumfuata mtoto kila anakokwenda. Siku moja ikabainika amemharibu binti wa darasa la tatu. Kikao kikakaliwa nyumbani kwa mzee mmoja. Akatozwa ng'ombe na hela ya matibabu, akaambiwa ahame. Akahama. Polisi haikuandikwa hata mstari mmoja. Mama wa binti alitaka kwenda kituoni, akaambiwa ataiaibisha familia na binti hataolewa.

Haukupita muda mrefu, dada mmoja anayenunua mzigo kisiwa kingine akawa anasimulia mbele ya meza yangu kwamba huko kwao amekuja baba mzuri sana, anafundisha watoto mpira. Nikamuuliza anafananaje. Nikauliza ana kovu mkononi? Akasema ndiyo. Nilimpigia mwenyekiti wa kule siku hiyohiyo, na sikutulia mpaka nilipoambiwa polisi wamefika.

Kule alikohamia nao walikuwa wanasema wanafahamiana. Walimfahamu kuanzia siku aliyoshuka kwenye boti.

Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono, ila nakuongezea. Cheti kisafi kisimpe mtu ufunguo. Piga simu alikotoka. Uliza wanawake. Mwenyekiti atakwambia ni kijana mchapakazi, lakini mama anayeuza uji pale pale atakwambia ukweli.

Dada wa Buhongwa

Mama shikamoo. Nimesoma hadi mwili umesisimka. Nafuatilia huu uzi.

Mtumishi wa Ustawi

Wakuu, niko idara ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja Kanda ya Ziwa. Naandika kama mimi, si kwa niaba ya ofisi.

Kwanza hilo la kumalizana. Kesi ya kubaka au kulawiti mtoto ni ya Jamhuri. Familia haina mamlaka ya kuifuta, mzee wa ukoo hana, mwenyekiti wa mtaa hana. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, anayetiwa hatiani kwa kumbaka binti aliye chini ya miaka 18 adhabu yake haishuki chini ya miaka 30, na binti akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Ukubwa huo wa adhabu ndio unaowafanya ndugu wa mtuhumiwa watafute kikao haraka. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa. Anayejua akanyamaza ameuacha wajibu wake.

Mahali pa kupeleka taarifa ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisi ya ustawi, au simu ya mtoto namba 116, ambayo haitozi gharama.

Pili, ukubwa wa tatizo. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatolewa 2011. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ni kama mmoja katika kila saba. Mwenye mradi wa watoto akisema "kwetu hakuna," hajauliza.

Tatu, utaratibu. Maombi ya cheti cha polisi yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi. Unahitaji namba ya NIDA na picha, unapewa namba ya malipo, unachukuliwa alama za vidole. Alama hizo ndizo zinazopekuliwa kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana cheti kinategemewa zaidi ya barua ya mtendaji, kwa sababu jina linabadilishwa ila kidole hakibadilishwi. Wekeni kwenye bajeti ya mradi, nauli pamoja na ada, asitoe mtu mfukoni. Hapo namuunga mkono Kona ya Nyegezi asilimia mia.

Nne, na hili mtalisahau. Mkishapata vyeti mnavitunza wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Unahitaji ridhaa yake ya maandishi. Nimeshaona asasi inapiga picha vyeti vya watu na kuvirusha kwenye grupu la WhatsApp la mradi ili "kila mtu aone tuko safi." Msifanye hivyo. Wavione watu wawili, vifungiwe, na mtu akiondoka arudishiwe chake.

Mkazi wa Igombe (mleta mada)

Mtumishi, shukrani sana. Kuna kikwazo kingine kwenye alama za vidole. Wale kina mama wa dagaa, chumvi na mchanga vimewasugua ncha za vidole hadi pamekuwa laini kama sahani. Wawili walihangaika NIDA kwa sababu hiyohiyo. Itakuwaje?

Fundi Boti Sengerema

Mkuu, hilo lilitukuta sisi mafundi pia, gundi na msasa vinamaliza kidole. Ushauri: wapumzike kazi siku kadhaa kabla, wapake mafuta ya mgando usiku, na asubuhi ya kwenda wanawe mikono kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Wamwambie askari mapema kwamba vidole vimechakaa, asiharakishe, akandamize taratibu kimoja kimoja. Vyetu vilikubali hivyo.

Mmwanza wa Leicester

Habari wakuu. Nimezaliwa Mabatini, niko Uingereza, na hapa najitolea kwenye klabu ya watoto ya mpira wa miguu. Nieleze wanavyofanya huku, maana huenda mfadhili wenu anatoka kwenye utamaduni huu.

Hapa kuna taasisi ya serikali inaitwa DBS, ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha taasisi mbili zilizokuwepo. Inatoa vyeti vya ngazi tofauti kulingana na kazi. Anayekaa na watoto mara kwa mara anapimwa kwa ngazi ya juu, ambayo pamoja na hukumu inaweza kuweka hata taarifa za polisi wa eneo lake zinazoonekana kuhusika. Na kwa anayejitolea, ada ya serikali ni bure. Kona ya Nyegezi, nadhani hoja yako hapo wameshaikubali siku nyingi.

Ila hoja ya mleta mada ndiyo iliyonifanya niandike. Nchi hii ilijifunza kwa machungu kwamba kumbukumbu za hukumu hazitoshi. Agosti 2002, mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, mtunzaji wa majengo wa shule ya sekondari ya pale. Baadaye ikafahamika kwamba kati ya 1995 na 1999, alipokuwa akiishi eneo la polisi wa Humberside, alikuwa ameandamwa na malalamiko kadhaa ya makosa ya kingono, baadhi yakihusu wasichana wadogo. Hakuna hata moja lililoishia kwenye hukumu. Taarifa hazikutunzwa ipasavyo, na alipoomba kazi ya shule huko Soham hazikumfikia aliyeajiri. Serikali iliunda uchunguzi ulioongozwa na Michael Bichard, ripoti ikatoka Juni 2004, na mfumo wa leo umetokana na hiyo.

Yaani alihama eneo, na habari zake zikabaki nyuma. Nikimsoma Mama wa Mwaloni naona mtu yuleyule, tofauti ni kwamba huyu alipanda boti.

Kitu kingine, cheti cha huku hakina tarehe ya kuisha. Kinaonyesha hali ilivyokuwa siku kilipotolewa, basi. Anayekuonyesha cha miaka minne iliyopita amekuonyesha habari za miaka minne iliyopita.

Jirani wa Kisumu

Wakuu wa Mwanza, salamu kutoka upande wa pili wa ziwa.

Sisi Kenya cheti kinatolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unaomba kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Waajiri wamekizoea, hata bawabu anaulizwa. Lakini kuna watu ambao kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza chochote, nao ni wageni waliokuja kutusaidia.

Kesi ya Gregory Dow iko kwenye rekodi za mahakama, kila mtu anaweza kuisoma. Ni Mmarekani aliyefungua makao ya watoto Boito, kaunti ya Bomet, mwaka 2008. Mwaka 1996, kule Iowa, alikuwa amekiri kosa la kushambulia kwa nia ya unyanyasaji wa kingono. Alikuja hapa na kufungua nyumba ya watoto, na watu wakapokea. Wasichana waliokuwa chini yake aliwadhulumu kwa miaka. Alihukumiwa kwao Marekani mwaka 2021, miaka 15 na miezi 8.

Huyo ni mtu ambaye kuuliza kumbukumbu zake tu kungemfichua. Kwa hivyo mleta mada, nakubali kwamba cheti hakitoshi, lakini usikishushe sana. Kuna wale ambao kinawanasa, na tulikosa kuwauliza kwa sababu walikuja na mkono wa kutoa.

Mkazi wa Igombe (mleta mada)

Jirani, ahsante, hilo limenigusa. Mwaka jana walikuja vijana watatu wa nje wakakaa nasi wiki nzima, wakapiga picha na watoto, wakaondoka. Hatukuwauliza hata barua.

Mmwanza wa Leicester

Mkuu, kwa raia wa Uingereza anayekuja kufanya kazi au kujitolea na watoto nje ya nchi kuna cheti kinaitwa ICPC, anakiomba mwenyewe huku. Mwombeni kabla hajakata tiketi. Mwenye nia njema hatanuna.

Mwalimu Mstaafu Magu

Wanangu, nimefundisha shule za msingi miaka mingi, naomba niseme juu ya kocha wa kuogelea.

Kosa lipimwe kwa kazi. Aliyefungwa kwa kuiba hela za kikundi asiwe mweka hazina, lakini kupika uji atapika. Aliyefungwa kwa kuendesha akiwa amelewa asiwape watoto lifti. Aliyefungwa kwa nyavu za timba amekosea ziwa na samaki wachanga, na amelipa. Sioni linalomzuia kumfundisha mtoto kuelea. Huku ufukweni mkisema kila aliyewahi kushikwa na kokoro au timba asijitolee, mtabaki na walimu na wahasibu, na hao wengi wao hawajui kuogelea.

Ila maamuzi hayo msiyafanye kichwani mwa mtu mmoja. Andikeni mapema, kabla hamjaona cheti cha yeyote, ni makosa gani ambayo hayana mjadala: kosa lolote dhidi ya mtoto, kosa lolote la kingono. Hayo mlango umefungwa, hata kama ni mjomba wa mwenyekiti. Mengine yajadiliwe na kamati, mhusika akiwepo na akisikilizwa. Mkisubiri mpaka cheti kiko mezani, mtaamua kwa sura ya mtu.

Dada wa Buhongwa

Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, aliyefungwa kwa kumpiga mke wake mnamweka fungu gani?

Mwalimu Mstaafu Magu

Marahaba. Hilo ni gumu. Ningetazama ni lini, ni mara ngapi, na amebadilika vipi. Nimewahi kuona mtu akabadilika kweli.

Mama wa Mwaloni Kirumba

Mwalimu nakuheshimu, ila hapo tunaachana. Anayempiga mkewe watoto wake wameshaona. Abebe mabenchi, achote maji, apake rangi banda siku ambayo watoto hawapo. Kukaa na watoto, hapana.

Mtumishi wa Ustawi

Mimi hapo niko na mama. Kwenye mafaili yetu, nyumba ambayo mama anapigwa mara nyingi utakuta na watoto wanaumia. Kazi zisizo za watoto zipo nyingi.

Kona ya Nyegezi

Wakuu, nimewasoma wote. Mama, samahani kwa lile neno, na pole kwa uliyoyaona. Kuhusu gharama sijabadilika, mfadhili alipe. Ila nina swali la kweli. Mkishasema cheti hakitoshi, na barua ya mtendaji ndiyo hiyo inayogongwa muhuri bila mtu kuangaliwa usoni, kinachobaki ni nini? Mtu amekuja kutoka kisiwani, hajulikani, anataka kusaidia.

Katibu wa BMU

Naomba nijibu, maana hili liko mikononi mwetu. Niko kwenye uongozi wa BMU mojawapo Ilemela, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo.

Mvuvi akihama mwalo hatakiwi kuingia tu akaanza kazi. Anatakiwa aje na barua ya BMU ya alikotoka, na sisi tunamwandika kwenye daftari. Huku kwetu daftari hilo lina jina, mwalo alikotoka, na tajiri wa mtumbwi anaofanyia kazi. Kwa hiyo mtu wa mwaloni anayetaka kujitolea, njoo uniulize alikotoka, nami nitakupa namba ya katibu mwenzangu wa kule. Simu haichukui dakika kumi. Uliza kwa nini alihama. Ukisikia mwenzako anavuta pumzi, anasema "aah, yule bwana... mambo yalikwisha," usikate. Uliza ni mambo gani yalikwisha.

Niseme ukweli, si BMU zote zinafanya hivyo. Mwalo wenye mitumbwi mingi katibu anachoka, barua zinakuja zimelowa hata hazisomeki, watu wanaingia na mwezi wa giza na kutoka na mbalamwezi. Lakini daftari lipo, na hadi leo hakuna mradi hata mmoja wa watoto uliokuja kuniuliza jina la mtu.

Mama wa Mwaloni Kirumba

Katibu, Mungu akubariki. Wengi wenu mngekuwa hivyo yule binti asingeumizwa, maana baadaye tuliambiwa pale kwetu nako alikuja kwa kuhama.

Mtumishi wa Ustawi

Na nimjibu Kona kwa upande mwingine. Kinachobaki ni namna mnavyoendesha siku yenyewe. Mnayemwogopa anatafuta kitu kimoja, dakika chache akiwa peke yake na mtoto. Msimpe.

Mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mmoja bila mwingine kuwaona. Banda liwe na madirisha wazi. Chooni watoto waende wawili wawili, mtu mzima asimame nje. Kwenye kuogelea angalieni sana kubadilisha nguo, wasichana wawe na sehemu yao na mama wa kuwasimamia, na kocha akimshika mtoto majini awe mahali ambapo walioko ufukweni wanaiona mikono yake. Bodaboda asimpakie mtoto mmoja kumrudisha nyumbani usiku, hata kama mvua inanyesha. Bora mkae wote mngoje. Na mtu wa mradi asiwe na mawasiliano ya siri na mtoto kwa simu, ujumbe upitie kwa mzazi.

Halafu waambieni watoto wenyewe. Mtoto ajue jina la mama mmoja na baba mmoja anaoweza kuwaambia jambo, na aifahamu 116. Andikeni namba hiyo ukutani kwa rangi, kimo cha mtoto, msiiweke juu kwenye kalenda.

Haya yanafanya kazi hata kwa yule ambaye cheti chake ni kisafi na barua yake ina mihuri mitatu.

Fundi Boti Sengerema

Hili la bodaboda limenigusa. Kwetu ndiyo ilikuwa kawaida, mtoto akichelewa "mpandishe kwa fulani amrudishe."

Mkazi wa Igombe (mleta mada)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Tumekaa tena, safari hii na afisa ustawi wa kata na katibu wa BMU. Nilisoma hoja zenu kikaoni bila kutaja majina ya humu. Tumekubaliana cheti kiombwe kwa wote wanaokaa na watoto, na mradi ulipe ada na nauli. Nilimwandikia mfadhili nikamweleza kuhusu vidole na boti. Wamekubali gharama iingie kwenye bajeti, na wametuongezea muda. Niliogopa kuomba, kumbe kinachotakiwa ni kueleza.

Makosa yasiyo na mjadala tumeyaandika kama mwalimu alivyosema, kila mmoja amesaini, mwenyekiti wa kwanza. Aliyehukumiwa kwa ukatili wa nyumbani tumefuata msimamo wa Mama wa Mwaloni, kwa kura, na haikuwa kwa kauli moja. Vyeti vitaonwa na mwalimu mstaafu wetu na afisa ustawi, wengine hapana, na mimi sitaviona.

Kocha wetu amerudi. Katibu alipiga simu kwenye mwalo alikokuwa kabla ya kuja huku, wakamsema vizuri, wakaongeza kwamba kule nako alikuwa anafundisha watoto kuogelea. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza kamba ya maboya ifungwe pale watoto wanapoishia, ili mama wa zamu aliye ufukweni awaone wote. Tumeshanunua kamba.

Kijana mmoja wa bodaboda amejitoa baada ya kusikia kwamba tutapiga simu alikotoka. Huenda ana sababu zake, sijui, sitamhukumu kwa hilo. Ila katibu wa BMU amechukua jina na ataulizia, na afisa ustawi anafahamu.

Mama wa Mwaloni Kirumba

Umefanya vizuri mwanangu. Msimwache aende hivihivi, ulizeni mpaka mwisho, na kama hana kosa mumwambie hana kosa.

Swali langu moja. Wale watu wa mfadhili wanaokuja na kamera kuwapiga picha watoto, nao mmewaomba cheti?

Mkazi wa Igombe (mleta mada)

Mama, barua nimewatumia leo asubuhi. Nimeandika kwamba kila mgeni wao alete cheti cha nchi yake, na akiwa na watoto atakuwa na mtu wetu pembeni muda wote. Nasubiri jibu.